Gari Langu Lilikuwa Linakula Matairi: Nilichojifunza Baada ya Kushusha Rimu Kutoka 18 Hadi 16

 Vijana wenzangu wa kilimo biashara, leo siongelei mbolea wala viuatilifu. Naongelea matairi, kwa sababu wengi wenu mmeshanunua kagari ka kubebea miche, pembejeo na mazao, na naona mnafanya kosa nililofanya mimi.

Nilinunua RAV4 iliyotumika, ikiwa na rimu za inchi 18. Nisiwafiche, rimu zilinivutia kuliko injini. Gari likiwa limeoshwa, kijiweni watu wanageuka. Ila mimi kazi yangu ni vijijini Kilolo, na lami naiacha Ilula.

Siku moja kiangazi nilimbebea kijana mmoja trei 15 za miche ya nyanya chotara, kila trei mashimo 200. Hiyo ni miche 3,000. Nusu saa baada ya kuacha lami, gurudumu la mbele kushoto likaingia kwenye shimo lenye jiwe. Nikasikia kishindo, kisha upepo wote ukatoka mara moja. Ubavu wa tairi ulikuwa umepasuka, urefu wa kidole. Hapo hakuna cha kuziba pancha.

Nikashusha spea. Nayo haina upepo! Nilikuwa sijaipima tangu ninunue gari. Ikabidi bodaboda aibebe mpaka Ilula na kuirudisha, saa tatu nzima, na miche imo ndani ya gari juani. Tulipofika shambani zaidi ya nusu ilikuwa imelala. Gharama ya miche nililipa mimi. Lakini muda sikuweza kumlipa. Kusia upya na kusubiri miche ikomae ni karibu mwezi, na nyanya zake ziliingia sokoni wakati wenzake wameshalijaza. Bei unaijua inavyokuwa hapo.

Kwa nini ubavu ulipasuka

Fundi wa matairi alicheka: "Afisa, hili tairi la mjini." Akanionyesha maandishi ubavuni: 235/55R18. Tuyasome pamoja, maana hata lako yapo.

235 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 55 ya huo upana. 18 ni rimu kwa inchi. Piga hesabu: asilimia 55 ya 235 ni milimita 129. Hiyo ndiyo mpira wote uliopo kati ya rimu na jiwe. Ukigonga kwa nguvu, ubavu unabanwa kati ya jiwe na chuma cha rimu, nyuzi za ndani zinakatika. Usipopasuka siku hiyo, unaota nundu, na nundu ni bomu linalosubiri mteremko wa Kitonga.

Toleo la gari langu kiwandani lilitolewa pia na tairi la 215/70R16. Asilimia 70 ya 215 ni milimita 150. Umeongeza sentimita mbili za mpira, na gurudumu zima linabaki karibu kimo kilekile: la zamani milimita 716, jipya 707. Tofauti haifiki asilimia 2, hivyo spidi kwenye dashibodi inasoma juu kidogo tu ya spidi halisi.

Hilo ndilo la kushika: unashusha rimu, unapandisha ubavu, kimo cha gurudumu unakiacha palepale.

Kabla hujatoa hela ya rimu

- Angalia kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva au kitabu cha gari. Chagua saizi ambayo mtengenezaji ameikubali kwa toleo lako.
- Hesabu matundu ya nati na umbali wake. Langu ni matundu 5 kwa milimita 114.3. Na tundu la katikati likae sawasawa, lisicheze.
- Ivalishe rimu moja mbele, izungushe kwa mkono. Rimu ndogo inaweza kugusa breki. Ikigusa, hiyo siyo yako, hata iwe ya bure.
- Soma namba ya uzito baada ya saizi. 100 maana yake tairi moja linabeba kilo 800. Usishuke chini ya ile iliyopangiwa gari lako. Wewe unabeba mzigo, hubebi harusi.
- Soma tarakimu nne za tarehe. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "jipya" lililokaa stoo miaka mingi mpira wake umeshazeeka.
- Kama gari linavuta miguu yote, matairi manne yawe ya kipimo kimoja na yaliyolika sawa. Na spea ifanane nayo.

Na kama njia zako zote ni lami, baki na rimu zako. Huna shida ninayoisema hapa.

Kosa langu la pili

Nilivyofunga 16 nikadhani nimemaliza. Kupasuka kweli kukaisha. Lakini baada ya miezi michache nikapitisha kiganja kwenye tairi la mbele kushoto: upande wa ndani kipara, upande wa nje kashata imejaa. Tairi jipya! Nikaanza kulaumu rimu.

Kumbe rimu haina kosa. Lile shimo lilikuwa limevuruga mguu wa mbele, bushi imechoka, gurudumu halitazami mbele sawasawa. Tairi lilikuwa linaburuzwa kama jembe badala ya kubingirika. Tulibadilisha bushi kwanza, ndipo tukafanya alaimenti. Ukianza na alaimenti wakati bushi inacheza, umetupa hela.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili. Kupasuka kwenye mawe, ubavu mrefu unasaidia. Kulika, tafuta chanzo. Tairi linakuambia lenyewe, kama jani linavyokuambia mmea umekosa nini:

- Limelika pembeni pande zote mbili: upepo mdogo.
- Limelika katikati: upepo mwingi.
- Limelika upande mmoja: alaimenti au bushi.
- Lina mabondemabonde: shokapu imechoka au balansi haipo.

Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi, angalau mara moja kwa wiki mbili, na spea usiiruke. Ukipakia mzigo, fuata kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko au kitabu, siyo kukisia kwa teke. Kila kilomita 10,000 hamisha ya mbele nyuma. Kashata ikishuka mpaka usawa wa vile vijinundu vilivyo ndani ya mifereji, milimita 1.6, tairi limekwisha, hata kama fundi anasema linadai.

Piga hesabu kama ya shamba

Mnaandika gharama za mbegu, dawa na vibarua. Matairi je? Tuchukue mfano: matairi manne kwa shilingi 800,000. Yakitembea kilomita 20,000, kila kilomita imekula shilingi 40. Yakitembea 40,000, ni shilingi 20. Safari ya kilomita 100 kwenda na kurudi sokoni ni tofauti ya shilingi 2,000, na hiyo inatoka kwenye faida yako. Hujaweka mzigo ulioharibikia njiani.

Zile rimu za 18 niliziuza, zikapunguza gharama ya kubadilisha. Kijiweni sasa hakuna anayegeuka. Lakini yule kijana msimu uliofuata aliniita tena nimpelekee miche. Nilipofika, kabla hajaangalia trei, alizunguka nyuma ya gari akabonyeza spea kwa kidole gumba. Hakusema kitu, na mimi sikusema.

Basi kesho kabla hujapakia, pitisha kiganja kwenye matairi yako yote, ndani na nje, na ubonyeze spea. Dakika tano tu. Tukutane shambani.