Pango Halivunwi Mara Mbili

Ukitoka Tanga mjini ukashika njia ya Horohoro, huendi mbali, kiasi cha kilomita 8 tu, kabla ya kufika penye Mapango ya Amboni. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya mapango hayo na mengine yaliyo katika pwani yetu, kwa sababu siku hizi kila mahali panapoonekana pa ajabu huulizwa swali moja: Patatuletea wageni wangapi? Swali hilo si baya, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: Pataweza kupokea wageni wangapi bila ya kuharibika?

Yafaa tujue kwanza pango ni kitu gani. Mvua inyeshapo, maji hupita katika udongo, huchukua humo hewa ya ukaa, yakawa makali kidogo mfano wa siki iliyozimuliwa sana. Yakutanapo na mawe ya chokaa huyala polepole, na baada ya maelfu ya miaka ufa huwa shimo, na shimo huwa ukumbi. Kisha maji yale yale yadondokapo kutoka darini hupotewa na hewa ile, huacha chembe ya chokaa, na tone juu ya tone hujenga nguzo zinazoning'inia na nguzo zinazosimama. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini nguzo inayokua sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka yahitaji miaka 10,000 ipate kufika mita moja. Mtu mmoja mwenye jiwe mkononi huivunja kwa dakika moja, akaichukua nyumbani kuwa pambo, na kabla mwezi haujaisha ameisahau.

Wala si jiwe peke yake liharibulo. Kiganja chenye jasho na mafuta, kikipapasa nguzo kila siku, huizuia isikue na kuitia weusi. Moshi wa mienge hushika kuta. Taa ziwashwazo mchana kutwa huotesha ukijani mahali ambapo tangu asili hapakuwa na mwanga. Makelele huwashtua popo, nao popo wakikimbia wakati wa kulea, vitoto vyao huanguka chini vikafa. Mtu asidhani kuwa popo ni hasara tupu. Wako walao wadudu usiku kucha, na mkulima huwafaidi bila ya kuwalipa ujira.

Tena liko jambo la maji. Katika nchi ya mawe ya chokaa, maji hayachujwi na mchanga kama kwingineko. Hupita mbio katika nyufa na mashimo. Takataka itupwayo shimoni leo, uchafu wake waweza kuonekana kesho katika kisima cha jirani. Kwa hiyo anayelinda pango analinda na mtungi wake mwenyewe.

Kama yuko anayedhani kuwa twatisha watu bure, na atazame yaliyotokea Ufaransa. Mwaka 1940 vijana wanne waligundua pango la Lascaux, lenye picha za wanyama zilizochorwa miaka ipatayo 17,000 iliyopita. Mwaka 1948 likafunguliwa kwa watu wote, na baada ya miaka michache waliingia watu wapatao 1,200 kwa siku. Pumzi zao, joto la miili yao na mwanga wa taa vikaotesha ukijani juu ya picha, na chokaa nyeupe ikaanza kuzifunika. Mwaka 1963 Waziri wa Utamaduni, André Malraux, aliamuru pango lifungwe. Picha zilizodumu maelfu ya miaka zilikaribia kupotea kwa miaka 15 ya biashara. Hata baada ya kufungwa, ugonjwa wa pango haukwisha, kwani mwaka 2001 kuvu ilizuka tena.

Twajua jibu litakalotolewa: Nchi tajiri zaweza kufunga mapango yao, lakini sisi tunahitaji fedha. Jibu hilo lina haki yake, wala hatulidharau. Kijana anayewaongoza wageni, dereva anayewaleta na mama auzaye madafu mlangoni, wote wana watoto wa kulisha. Lakini hao ndio watakaopata hasara ya kwanza pango likifa. Wafaransa hawakuacha kupokea wageni. Walijenga pango la mfano, likafunguliwa mwaka 1983, na jingine kubwa zaidi mwaka 2016. Wageni waendelea kuja, na kazi zipo.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta funzo la pili. Huko Shimoni, katika pwani ya kusini ya Kenya, wanakijiji wenyewe wanaliendesha pango lao, ambalo historia yake yahusishwa na biashara ya watumwa, na kiingilio cha wageni husaidia mahitaji ya kijiji. Mtu aonaye kuwa pango limemlipia mwanawe mahitaji ya shule hangoji askari aje kumwambia alilinde.

Amboni nayo ina wenyewe. Serikali ilikabidhiwa mapango hayo mwaka 1963, mwaka ule ule Lascaux ilipofungwa. Lakini kabla ya kiingilio na tikiti watu walikuwa wakienda huko kwa mizimu yao, na hata sasa wako wapelekao sadaka. Mgeni asiyashike wala kuyachezea mambo hayo, wala asipige picha za watu waombao kana kwamba ni maonyesho. Nao viongozi wa wageni wana wajibu wa kusema kweli. Husimuliwa kuwa njia za chini zafika mpaka Mombasa. Hadithi ni tamu, na isimuliwe kama hadithi. Lakini wapimaji wa mwaka 1994 walikuta kuwa pango refu kuliko yote lina urefu wa mita 900 hivi. Kweli hiyo haipunguzi ajabu ya pango hata kidogo.

Basi twashauri mambo haya. Kwanza, idadi ya waingiao kwa siku iwekwe kwa kupima hewa na joto la ndani, si kwa kupima tamaa ya mfuko. Pili, viwepo vyumba visivyoingiwa kabisa, na vile vya popo vipumzishwe wakati wa kulea. Tatu, taa ziwe chache, za baridi, ziwashwe watu wapitapo tu. Nne, viongozi wa wageni wafundishwe na walipwe mshahara wa haki, maana mtu anayetegemea bakshishi pekee hawezi kumkataza mgeni asishike nguzo. Tano, sehemu ya mapato ijulikane wazi kuwa ni ya vijiji jirani, na hesabu zake zisomwe mbele ya wanakijiji.

Shamba likivunwa hupandwa tena, na ng'ombe akiuzwa huacha ndama. Pango halina mbegu wala ndama. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili likiisha hakuna msitu wa kukata jingine.