Kulla Mbili: Upande wa Birika na Wingi wa Maji Yake



Waislamu wengi wa Mbeya na Iringa, kama ndugu zao wa pwani, hufuata madhehebu ya Imam Shafii (r.a.). Kwa hiyo anayejenga birika la msikiti, awe Rungwe au Mufindi, hana budi kuijua kulla mbili. Maji yaliyofikia kiasi hicho hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Yaliyo pungufu hunajisika kwa kukutana nayo tu, isipokuwa ile iliyosamehewa. Na mwenye kutawadha kwayo hana udhu wala swala. Asili ya kipimo hiki ni hadithi ya Ibn Umar (r.a.), waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo.

Wanazuoni wetu wameikadiria kulla mbili kuwa ratili 500 za Baghdad kwa takriban. Kwa chombo cha pande sawa, yaani mchemraba, wakasema: dhiraa moja na robo urefu, na vivyo hivyo upana na kina. Hesabu yao ni hii. Kila upande una robo 5 za dhiraa. 5 mara 5 ni 25, na mara 5 tena ni 125. Kila kichemraba cha robo dhiraa huchukua ratili 4, na 125 mara 4 ni 500.

Hapa ndipo wanapoteleza wengi. Mtu hudhani kuwa birika la nusu ya upande huo litakuwa na kulla moja. Sivyo. Upande ukipungua nusu, urefu, upana na kina vyote hupungua nusu, na ujazo unaobaki ni thumni, yaani sehemu 1 kati ya 8. Tukichukua dhiraa ya sentimita 48, upande ni sentimita 60 na maji ni lita 216. Upande wa sentimita 30 huchukua lita 27 tu, na wa sentimita 120 huchukua lita 1,728.

Kwa sababu hiyo hiyo makadirio ya lita hutofautiana. Dhiraa ikihesabiwa sentimita 45, kulla mbili hushuka hadi kama lita 178. Sentimita 3 za dhiraa zimeondoa lita 38! Basi pipa la lita 200 limetimia kwa hesabu moja, na limepungua kwa nyingine.

Tunawausia maimamu na kamati za misikiti washike tahadhari. Birika la sentimita 65 kila upande hupata zaidi ya lita 274, na hapo shaka huondoka kwa hesabu zote mbili. Vipimo vichukuliwe kwa ndani, na kina kihesabiwe hadi uso wa maji, si hadi ukingo, kwani kinachopimwa ni maji wala si chombo. Nyanda zetu hukaa miezi mingi bila mvua, tangu Juni hadi Oktoba, na birika lililotimia wakati wa mvua huenda likapungua kiangazi.

Wallahu aalam.