Fahamu: Joto la Oktoba na mbwa wa mnyororo Tabora

Kwa nini huzidiwa?

Oktoba, kabla ya mvua, ndiyo kilele cha joto Tabora. Mbwa hatoi jasho la kutosha. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kila pumzi humpunguzia maji. Bakuli likikauka, kuhema hakumwokoi.

Si amezoea?

Wapo wasemao mbwa wa kienyeji amelizoea jua. Ni kweli, ila mazoea hayo hutegemea uhuru wa kuhama: asiyefungwa hufuata kivuli cha miembe. Wa mnyororo hubaki palepale, jua likimfuata ukutani. Mnyororo, basi, ndio hatari kubwa kuliko joto lenyewe. Mbwa akiyumba au kutapika, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida, mpepee, kisha mwite daktari wa mifugo.