Kiyoyozi Hakitengenezi Baridi

Kuanzia Desemba hadi Machi, mafundi wa AC jijini Dar es Salaam hawapumziki. Malalamiko ni yale yale: mashine inaunguruma, upepo unatoka, lakini chumba hakipoi. Jibu nalo mara nyingi ni lile lile: gesi imeisha, tujaze. Mtungi unaletwa, mpira unaunganishwa, baridi inarudi, fundi analipwa. Baada ya miezi michache anapigiwa tena.

Wenye nyumba wanapoteza fedha nyingi hapo, kwa sababu gesi ya kiyoyozi haiishi. Mashine haiichomi wala haiitumii ikakwisha. Inazunguka ile ile miaka nenda miaka rudi, ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa. Ikipungua, imevuja, na anayejaza bila kutafuta inapovujia ameuacha ugonjwa palepale.

AC haitengenezi baridi, inahamisha joto. Nesi akikupaka spiriti kabla ya sindano unahisi ubaridi, kwa sababu spiriti inapokauka inaondoka na joto la ngozi. Ndani ya kifaa cha ukutani ndivyo ilivyo: kimiminika kinageuka gesi na kufyonza joto la chumbani. Kompresa iliyo nje inaikandamiza gesi hiyo hadi iwe na joto kuliko hewa ya nje, feni inalipeperusha joto hilo, gesi inarudi kuwa kimiminika na mzunguko unaanza upya. Weka kiganja mbele ya feni ya nje: joto la upepo ule limetoka chumbani kwako.

Ukilielewa hilo, hitilafu nyingi zinajieleza. Filta ikijaa vumbi, hewa haipiti vizuri kwenye koili, joto halifiki, na koili inaganda barafu. Gesi ikipungua, barafu huganda vilevile. Ndiyo maana kabla ya kumwita mtu yeyote, zima mashine, fungua kifuniko cha mbele, chomoa zile nyavu na uziinue kwenye mwanga. Kama mwanga haupenyi, anzia hapo. Zioshe kwa maji na sabuni laini, zianike kivulini kwa sababu jua kali hupinda plastiki, kisha zirudishe zikiwa kavu. Msimu wa joto fanya hivyo kila baada ya wiki mbili hadi nne. Maji yakidondoka ndani, mara nyingi bomba la kutolea maji limeziba kwa utelezi na linahitaji kuzibuliwa tu. Kwa walio karibu na bahari, kifaa cha nje kinahitaji kusuuzwa kwa maji baridi yasiyo na kasi kali, maana chumvi hula mapezi ya koili taratibu.

Kama kweli gesi imepungua, fundi makini ataanza na povu la sabuni kwenye maungio, aone panapotoa mapovu. Ataziba, atapima kwa naitrojeni, kisha atavuta hewa na unyevu wote kwa pampu, kwa sababu unyevu ukibaki huzaa asidi inayoua kompresa. Mwisho atajaza gesi kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Asiye na pampu wala mizani asiiguse AC yako.

Upande wa afya, kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya vumbi. AC nyingi za majumbani haziingizi hewa mpya hata kidogo. Zinapoza ile ile iliyomo chumbani. Mafua huletwa na virusi, na chumba kilichofungwa siku nzima kinavitunza, kama kinavyotunza vimelea vya kifua kikuu mgonjwa anapokohoa. Fungua madirisha asubuhi na jioni, hasa mkiwa wengi. Kwa mwenye pumu, ukungu unaoota kwenye koili chafu unaweza kuamsha shambulio. Na usidhani AC itaondoa moshi au hewa ya sumu: jiko la mkaa au jenereta karibu na chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, inayoua watu usingizini.

Katika kununua, kubwa si bora. Chumba cha kawaida cha kulala kinatoshwa na BTU 9,000 hadi 12,000, ingawa bati lisilo na dari au dirisha linalotazama jua la jioni huongeza mahitaji. Mashine iliyozidi chumba hupoza haraka na kuzima kabla ya kukausha unyevu, na pwani unyevu ndio unaotesha. Utalala kwenye chumba chenye baridi lakini kinachonata. Kwa anayewasha usiku kucha, inveta inalipa, maana kompresa yake hupunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka.

AC ya kawaida ya BTU 12,000 hula takriban uniti moja ya LUKU kila saa ambayo kompresa inazunguka. Pangaboi la wati 75 huchukua kama saa 13 kumaliza uniti hiyo. Weka AC kwenye nyuzi 25 au 26, washa pangaboi, na mwili utaona nafuu ile ile ya nyuzi za chini zaidi.

Soma pia aina ya gesi. R22 huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R410A haigusi ozoni, lakini uzito wake ule ule huongeza joto la dunia takriban mara 2,000 kuliko kaboni dayoksaidi; gesi za aina hiyo ndizo nchi zilizokutana Kigali Oktoba 2016 zilikubaliana kuzipunguza. R32 ina kama theluthi ya madhara hayo, ila inaweza kushika moto, hivyo fundi asiwashe kiberiti karibu nayo. Mtumba wa R22 utaupata kwa bei nafuu leo, lakini kadiri 2030 inavyokaribia, mwaka ambao nchi zinazoendelea zimepanga kuwa karibu zimeiacha kabisa, gesi ya kuutengenezea itazidi kuwa adimu na ghali.