Kisu cha mama: kutu haikukiua, haraka ndiyo ingekiua

Wandugu wasomi, leo niwaeleze kazi moja ya mikono ambayo hakuna profesa aliyetufundisha.

Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika hapa Uvira na kubomoa manyumba, kisu cha mama kilibaki kwenye matope. Tulikiokota siku nyingi baadaye, chekundu kwa kutu. Ndicho alichokatia sangala na mikeke miaka yote, ndicho kilitulipia minervali. Mimi nilitaka nikipeleke kwenye mashini ya kunoa, dakika tano kiishe. Mzee mmoja fundi wa vyuma akanizuia.

Alinieleza hivi. Visu vingi vya zamani, kama hiki kilichofuliwa kutoka resori ya gari, ni chuma chenye kaboni nyingi. Kinashika kutu haraka, lakini kinashika makali vizuri. Ugumu wake ulitoka motoni: kilichomwa, kikazimwa ghafla, kisha kikapashwa moto tena kidogo. Mashini inayozunguka kavu inapandisha joto kwenye makali, kwa sababu pale ni pembamba. Ukiona rangi ya bluu, joto limefika karibu digrii 300 na ugumu umepungua pale. Utanoa asubuhi, jioni ni butu. Kutu inakulaka juu. Haraka inakula ndani.

Basi tulifanya polepole. Tulikipaka mafuta ya taa, tukakiacha usiku kucha ili kutu ilegee. Asubuhi tukasugua kwa karatasi ya msasa, ile ya kukwaruza sana kwanza, kisha laini. Palipokataa tukaweka maji ya ndimu kwa muda mfupi, tukaosha na sabuni na kukausha palepale, maana asidi ikibaki inaendelea kula chuma. Madoa meusi tuliyaacha, hayana shida. Mwisho tukanoa kwenye jiwe lenye maji, kisu kikiinama kidogo, kama digrii 20, pande zote mbili sawa.

Kazi haijaisha hapo. Kisu kikali kikilala wazi kwenye kikapu ni hatari. Zamani mdogo wangu aliwahi kuingiza mkono akitafuta chumvi, akakatika kidole. Kwa hiyo tulishona ala, yaani mfuko wa ngozi. Tafuta kipande cha ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa, kwa fundi wa viatu. Ngozi mbichi ikipata maji inalegea na kunuka. Ilowanishe, ikunje kuzunguka kisu kilichofungwa kwenye plastiki, ikaukie kivulini. Pale kwenye mshono weka katikati utepe mwingine wa ngozi. Huo ndio siri: makali yanagusa utepe, hayakati uzi. Toboa matundu kwa msumari, paka uzi nta ya nyuki, kisha shona na sindano mbili, moja kila ncha ya uzi, zote zikipita tundu moja kutoka pande tofauti. Uzi ukikatika mahali pamoja, mshono wote haufumuki.

Sheria ni moja: kisu kisiingie na maji, maana ngozi inatunza unyevu, na kutu itarudi.

Sasa mama akimaliza kazi, anakiosha, anakikausha, anakipaka mafuta kidogo, anakirudisha kwenye ala. Na akikihitaji tena, ni mdogo wangu ndiye anatumwaka kukichukua kikapuni.