Kiingereza cha Kwenye Chupa ya Dawa

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Unasoma gazeti, unasoma barua ya mwanao, unasoma stakabadhi ya mazao yako. Lakini ukienda dukani kununua dawa ya nyanya au dawa ya kuogeshea ng'ombe, mara nyingi unakuta chupa imejaa Kiingereza. Herufi ni zile zile unazozijua. Kinachopotea ni maana.

Watu wengi hudhani kwamba ni lazima mtu akisome Kiingereza miaka mingi ndipo akielewe. Kwa kukizungumza, ni kweli. Lakini Kiingereza cha kwenye chupa na pakiti kimepangwa kwa mitindo michache tu, na mitindo hiyo inarudi kila mara. Leo tujifunze mitindo mitano. Chukua chupa au pakiti ya dawa iliyopo nyumbani, iwe imefungwa vizuri, uiweke mbele yako. Haya, tuanze.

1. KUAMURU

Kwa Kiswahili, mtu akiwa mmoja tunamwambia "tikisa". Wakiwa wengi tunawaambia "tikiseni". Kiingereza hakina tofauti hiyo. Neno ni moja kwa wote, nalo hukaa mwanzo wa sentensi:

Shake well before use.
Tikisa vizuri kabla ya kutumia.

Basi ukiona sentensi inaanza na neno la kitendo, ujue unaagizwa kufanya jambo. Maneno ya namna hii ni "mix", yaani changanya. "Wash", yaani osha. "Wear", yaani vaa. Na "keep", yaani weka au tunza.

Tazama tena neno "well". Pengine umeambiwa kuwa ni kisima. Si uongo. Lakini likifuata kitendo, maana yake ni "vizuri". Hakuna kisima cha kutikisa! Neno la Kiingereza mara nyingi hupata maana yake kutokana na mahali lilipokaa.

2. KUKATAZA

Kiswahili hukataza ndani ya neno lenyewe. "Meza" linakuwa "usimeze". Kiingereza hufanya vingine. Neno la kitendo linabaki vile vile, na maneno mawili yanawekwa mbele yake: "do not".

Do not swallow.
Usimeze.

Do not reuse empty container.
Usitumie tena chombo kikiisha.

Hapa ndipo penye hatari. Mtu akiruka neno dogo "not", atasoma kinyume kabisa. Ataona kama anaambiwa achukue chupa akaitumie tena. Chupa ya dawa ya shamba, hata ukiiosha mara kumi, haifai kutiwa maji, maziwa, mafuta ya kula wala mafuta ya taa. Basi kabla ya kusoma kitu kingine chochote, tafuta "not" iko wapi. Ukiona "never" ni katazo pia, tena kali zaidi: kamwe usifanye.

3. SIFA HUTANGULIA

Sisi tunasema "maji safi". Tunataja kitu kwanza, halafu sifa yake. Kiingereza hutanguliza sifa: "clean water". Sisi tunasema "vidonge viwili", wao husema "two tablets". Tazama mfano huu:

Keep in a cool, dry place.
Weka mahali penye ubaridi na pakavu.

"Place" ni mahali. "Cool" ni penye ubaridi, na "dry" ni pakavu. Kwa hiyo ukikutana na maneno kadhaa yaliyofuatana hivi, tafuta kwanza jina la kitu, mara nyingi liko mwisho. Kisha rudi nyuma ukasome sifa zake.

4. KABLA, BAADA NA MPAKA

Maneno matatu hueleza wakati. "Before" ni kabla. "After" ni baada. "Until" ni mpaka. Kwenye dawa za binadamu utakuta "before food", kabla ya kula, au "after food", baada ya kula. Kwenye dawa ya mboga unaweza kukuta sentensi kama hii:

Do not harvest until 14 days after spraying.
Usivune mpaka zipite siku 14 baada ya kunyunyiza.

Kama chupa imesema hivyo, nawe umenyunyiza tarehe 1, usivune kabla ya tarehe 15. Idadi ya siku si sawa kwa dawa zote wala kwa mazao yote, kwa hiyo soma kila chupa upya. Nyanya inaweza kung'aa na kupendeza machoni, kumbe dawa bado imo. Na wa kwanza kuila ni mtoto wako, kabla hata hujaipeleka sokoni.

5. IKITOKEA

Neno "if" ni "kama", au ile "-ki-" yetu katika "akila" au "ikimwagika". Sentensi yake ina sehemu mbili, na katikati kuna mkato. Sehemu ya kwanza hutaja jambo likitokea. Ya pili hueleza la kufanya:

If swallowed, do not induce vomiting.
Ikimezwa, usimtapishe mgonjwa.

Wengi wetu mtu akinywa sumu tunakimbilia kumtapisha. Lakini baadhi ya dawa zimechanganywa na mafuta, na mgonjwa akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu na kumdhuru zaidi. Dawa zilizo kali nazo huunguza koo mara ya pili zikitoka. Mpeleke zahanati upesi, na chupa ile uende nayo. Mganga akisoma jina la dawa atajua la kufanya.

RANGI NAZO HUSEMA

Dawa nyingi za shamba zina ukanda wa rangi chini ya karatasi ya chupa. Nyekundu ndiyo hatari kuliko zote. Inafuata njano, kisha buluu, kisha kijani. Lakini kijani si ruhusa ya kuichezea. Hiyo nayo ni dawa, si maji.

ZOEZI

Soma sentensi hizi, ujaribu kuzieleza kwa Kiswahili. Usiangalie majibu kwanza.

(a) Wash hands after use.
(b) Do not eat or smoke when spraying.
(c) Keep out of reach of children.
(d) For animal use only.

Majibu:
(a) Nawa mikono baada ya kutumia.
(b) Usile wala usivute sigara wakati wa kunyunyiza.
(c) Weka mbali, watoto wasipofika.
(d) Kwa matumizi ya wanyama tu. Neno "only" ni "tu". Hata kama ugonjwa wa mbuzi unafanana na wako, dawa hiyo si yako.

Umepata ngapi? Ukikosa, rudia mtindo unaohusika. Kisha soma tena chupa yako ile, uandike kwenye daftari kila sentensi yenye "not". Ukikuta neno usilolijua, usikisie. Muulize muuza duka, afisa ugani au mhudumu wa zahanati kabla ya kufungua chupa. Chupa ikiwa na maelezo ya Kiswahili pia, yasome yote mawili na uyalinganishe. Hayo peke yake ni somo zuri. Na kama nyumbani kuna mtu ambaye bado hajajua kusoma, msomee, maana yeye naye anaingia ghalani.