Wapiga Muziki wa Nyanza ya Kusini: Waliobadilika na Waliosahauliwa

Barabara kuu itokayo Kisii kwenda Isebania, mpakani mwa Tanzania, hupita Rongo, Awendo na Migori; na pale Rongo njia nyingine huchepuka kuelekea Homa Bay, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Zamani sehemu hizi zote zilikuwa katika wilaya moja iliyoitwa Nyanza ya Kusini. Tangu mwaka 2013 ni kaunti mbili, Migori na Homa Bay. Ni nchi ya miwa, mahindi, tumbaku na samaki. Lakini jina lake limefika mbali kuliko mazao yake kwa sababu ya muziki, nao muziki huo umebadilika mara tatu au nne katika maisha ya mtu mmoja mzee. Kila ulipobadilika uliwainua watu wengine na kuwaacha wengine nyuma.

Mwenye kutaka kuyaelewa mambo haya hana budi kuanza na nyatiti. Nyatiti ni kinubi cha Waluo chenye nyuzi nane na tumbo la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Mpigaji huketi chini juu ya kigoda, amefunga njuga mguuni, na katika kidole cha mguu amevaa pete ya chuma ambayo hugonga nayo ukingo wa chombo. Basi mtu mmoja hufanya kazi ya watu watatu: mikono yavuta nyuzi, mguu wapiga ngoma, na kinywa chaimba. Mahali pake hasa palikuwa matangani. Mpigaji aliitwa amsifu marehemu, ataje ukoo wake na matendo yake, na aliyekosea nasaba ya watu hakuitwa tena.

Malipo yake yalikuwa na ufundi wake. Msikilizaji akitaka kujisifu, hutoa fedha. Muziki hunyamaza, naye husimama akajitaja jina lake, akawataja rafiki zake na watu wa kwao kwa maneno ya fahari, kisha nyuzi huanza tena. Desturi hii huitwa pakruok. Ndiyo iliyomlisha mpiga nyatiti, na jambo la ajabu ni kwamba imeishi kuliko ufundi wa nyatiti wenyewe: ilihamia katika muziki wa gitaa, na hata leo yaonekana katika ngoma za ohangla, fedha zikitolewa mbele ya watu wote kama zamani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, askari wa Keya walirudi kwao pamoja na vitu vya ugenini, na kimojawapo kilikuwa gitaa. Vijana wa Nyanza walilichukua gitaa wakalipiga kwa vidole vilivyozoea kusikia nyatiti. Hawakuiga tu mtindo wa Kongo au wa Afrika ya Kusini, ijapokuwa santuri za huko zilifika. Waliyavuta maneno ya nyuzi za kwao wakayaweka juu ya nyuzi za Kizungu. Hapo ndipo ilipozaliwa benga. Mwenye kuisikiliza kwa makini atatambua: gitaa la mbele halisindikizi tu sauti, bali huijibu, besi hutembea kwa nguvu, na katikati ya wimbo mwimbaji hunyamaza kabisa, magitaa yakakimbizana peke yao mpaka wachezaji wachoke.

Bingwa wa benga aliyejulikana kupita wote alikuwa Bwana Daniel Owino Misiani. Alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, katika Tanganyika ya siku zile, mwendo mfupi tu kusini mwa mpaka wa Migori. Wazazi wake walikuwa watu wa dini, nao hawakupendezwa na gitaa. Alivuka kuja Kenya akiwa kijana, na bendi yake, baada ya kupitia majina mbalimbali, ikatulia katika jina la Shirati Jazz, ukumbusho wa kwao. Katika miaka ya 1970 hapakuwa na duka la santuri katika Nyanza lisilokuwa na nyimbo zake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 santuri zake zilitolewa London, mojawapo ikiwa Piny Ose Mer ya mwaka 1989, na Wazungu wakazicheza bila kuelewa neno hata moja.

Hasara yao ilikuwa kubwa, maana kwa Misiani maneno ndiyo yaliyokuwa kiini. Aliimba kwa mafumbo, akisimulia visa vya wanyama na vya Biblia, na msikilizaji wa Kiluo alijua mara moja ni mkubwa gani aliyevikwa ngozi ya mnyama gani. Wakubwa nao walijua, na kwa sababu hiyo alikamatwa zaidi ya mara moja katika maisha yake. Alifariki katika ajali ya barabarani huko Kisumu tarehe 17 Mei 2006, akiwa na umri wa miaka 66, na hata wakati huo hakuwa ameliweka gitaa chini. Huyu hakufifia. Wengi wa rika lake hawakuwa na bahati hiyo.

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, na watu hupenda kulitumia neno hilo kila wamwonapo mwanamuziki wa zamani akitembea kwa miguu sokoni. Wengine huongeza kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, yaani sifa zilimharibu, alikunywa fedha zake. Wako waliozinywa, hilo halikataliwi. Lakini sababu hiyo ni nyepesi mno, nayo huwapa raha wale waliomlipa kidogo. Yafaa kuangalia jinsi kazi yenyewe ilivyokwenda.

Katika siku za santuri mwanamuziki wa Homa Bay au Migori alisafiri mpaka Nairobi, au mpaka Kericho ambako Bwana Chandarana alikuwa na duka na studio, akaimba nyimbo mbili, moja ya upande huu wa santuri na moja ya upande wa pili. Mara nyingi alilipwa fedha mkononi mara moja tu, akatia sahihi au dole gumba, akarudi nyumbani. Santuri ikiuzwa mia tano au elfu hamsini, kwake ilikuwa sawa. Wengine walipoona hivyo walijitafutia hila: bendi iliyofungwa na mkataba wa duka moja ilibadili jina ikaenda kurekodi katika duka jingine. Ndiyo maana mtu apitiapo santuri za zamani hukuta Victoria Jazz, Victoria A Kings na Victoria B Kings, na sauti ni zile zile za akina Ochieng Nelly na Collela Mazee. Hila hiyo iliwapatia chakula cha mwaka ule, lakini pia ilitawanya jina lao, na jina ndilo mali ya mwimbaji.

Aliyefahamu biashara hii kutoka ndani alikuwa Bwana Phares Oluoch Kanindo, mtu wa Nyanza ya Kusini, ambaye aliwarekodi wanamuziki wengi wa benga na kuzitoa santuri kwa nembo yenye jina lake. Baadaye alikuwa Mbunge wa Homa Bay. Santuri zake ziliuzwa mpaka nchi za kusini, na huko Zimbabwe, ambayo wakati ule bado iliitwa Rhodesia, watu walisoma jina lililoandikwa katikati ya santuri wakadhani ndilo jina la muziki wenyewe. Basi muziki wa aina hii ukaitwa kanindo, nao ulisaidia kuzaa muziki wa nchi ile uitwao sungura. Wapigaji gitaa wenyewe, ambao vidole vyao ndivyo vilivyopendwa, majina yao hayakusafiri.

Kisha zikaja kaseti katika miaka ya 1970 na 1980. Santuri haikuweza kunakiliwa nyumbani, lakini kaseti iliweza. Mtu mwenye mashine mbili na kibanda kando ya stendi ya mabasi alitoa nakala mchana kutwa, akauza kwa bei ambayo mwenye duka halali hakuiweza. Maduka yalipungua, na ilipofika mwanzo wa miaka ya 1990 biashara ya santuri za Kenya ilikuwa imekwisha. Bendi zilibaki na njia moja ya kupata riziki, nayo ni kupiga usiku katika mabaa na matangani. Mtu aweza kupiga usiku kucha akiwa na miaka 25. Akiwa na 55 ni shida.

Katika miaka hiyo hiyo ukaja ukimwi, na sehemu za ziwani ziliumizwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999, lakini kabla ya hapo matanga yalikuwa yamekwisha kuwa mengi. Bendi ya benga ni kama nyumba ya nguzo moja: kiongozi ndiye mwenye nyimbo, mwenye vyombo, na mwenye mapatano na wenye baa. Akifa, wengine hutawanyika kabla ya arobaini. Hesabu ya bendi zilizokwisha namna hiyo haikuandikwa popote.

Moja iliyonusurika ni Jolly Boys ya Migori. Kiongozi wake, Prince Jully, alifariki mwaka 1997, na wengi walitazamia bendi ivunjike. Mkewe, Bibi Lilian Auma, alishika mahali pake akajulikana kwa jina la Princess Jully. Katika nchi ambayo nyatiti ilikatazwa wanawake, na bendi za gitaa zilikuwa za wanaume karibu zote, mjane kusimama mbele ya bendi halikuwa jambo dogo. Wimbo wake Dunia Mbaya ulionya juu ya ukimwi kwa maneno ya wazi, ukapigwa redioni Kenya nzima. Kwa muda hapakuwa na mwimbaji wa kike wa benga aliyejulikana kama yeye. Baadaye upepo ukageuka, kwa sababu isiyohusiana na sauti yake.

Upepo wenyewe ulikuwa ohangla. Ngoma hii ni ya zamani. Mojawapo ya ngoma zake ni ndefu, iliyowambwa ngozi ya kenge. Wazee wa zamani hawakupenda watoto waikaribie kwa ajili ya maneno yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vituo vya redio vya lugha ya Kiluo vilipofunguliwa, watu kama Tony Nyadundo waliitoa ohangla vijijini, wakaongeza kinanda cha umeme, na vijana wakaifuata. Kwa mwenye baa hesabu ilikuwa rahisi: kinanda kimoja kilifanya kazi ya wapiga gitaa watatu, na watu wachache hula kidogo. Wapiga benga kadhaa waliuza magitaa yao. Wengine walijiunga na ohangla, wakaingiza humo gitaa la mbele, na kwa njia hiyo sehemu ya benga ikaendelea kuishi katika nyumba ya mwenziwe. Mwaka 2020 mikutano ilipozuiliwa kwa sababu ya korona, hao wote, wa gitaa na wa kinanda, walikosa kazi kwa pamoja.

Nyatiti nayo haikufa. Miaka hiyo hiyo ya 2000 alikuja mwanamke Mjapani, Eriko Mukoyama, akakaa kijijini huko Siaya kwa mwalimu wa nyatiti mpaka akajua, akapewa jina la Anyango, na tangu hapo ameipiga Japani na kwingineko. Wako wazee waliokasirika kwa sababu ni mwanamke. Wako waliouliza kwa nini watoto wao wenyewe hawakwenda kujifunza, na swali hilo lilikuwa gumu zaidi. Kule Migori, boma la mawe la Thimlich Ohinga, lililojengwa bila udongo wala saruji karne nyingi zilizopita, liliandikwa na UNESCO mwaka 2018 kuwa urithi wa dunia. Mawe yana bahati: hungoja.

Iko sehemu moja ya mambo haya ambayo iko mikononi mwa jamaa za wanamuziki, nayo ni haki ya nyimbo. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mtunzi katika wimbo wake hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Haki katika sauti iliyorekodiwa ni mbali na hiyo: hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kuuza haki ya wimbo ni lazima kuwe kwa maandishi. Neno la mdomo katika duka la santuri halitoshi. Basi mjane au mtoto aliye na karatasi za zamani, hata zilizoliwa na mchwa pembeni, asizitupe, maana humo ndimo ionekanapo kama marehemu aliuza wimbo au aliuza sauti ya siku moja tu. Kudai chochote kwahitaji kwanza hati ya kusimamia mirathi kutoka mahakamani, na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, pamoja na wale wa nyumba ndogo, ambao kuwaacha nje kumechelewesha kesi nyingi.

Wakati nao wahesabika. Nyimbo alizotunga Misiani zina ulinzi mpaka mwisho wa mwaka 2056. Lakini santuri iliyorekodiwa mwaka 1974 ulinzi wa sauti yake ulikwisha pamoja na mwaka 2024, na ile ya mwaka 1980 utakwisha mwisho wa mwaka 2030.